Masizi

Mama alikuwa akinikemea kwa masizi:
sufuria haing'ari, Ruolan, sugua.
Sasa nalipwa mshahara niyatengeneze.

Changchun, Januari. Barafu dirishani
imeota manyoya. Nimesaga magunzi ya mahindi,
nikayatia maji, nikayafungia ndani ya chuma
kwa saa kumi, digrii mia mbili.
Kilichotoka ni kama chai iliyolala.
Profesa Tong akainusa, akacheka.

Lakini zima taa. Washa ile ya urujuani.
Chai inageuka buluu,
buluu ya moto wa gesi ulioshushwa kabisa.
Punje zake hadubini ya darasani haizioni;
kwazo unywele mmoja ni gogo.

Jumanne tulimdunga panya namba kumi na saba.
Usiku uvimbe wake ukajitaja wenyewe,
mdogo kama mbegu ya alizeti,
na pembeni, pale tulipoapa hapana kitu,
cheche ya pili.
Tukamulika mwanga mwekundu: kaa likashika moto,
seli zikafa bila kisu.
Asubuhi panya akala. Nikalia, nikasingizia moshi.
Maabara haina moshi.

Mama yuko jengo la ng'ambo, wodi ya sita.
Ini lake wanalisoma kwa mashine ya zamani,
kivuli juu ya kivuli.
"Hiyo taa yako, itawafikia watu lini?"
Naanza kuhesabu: panya, nguruwe, vibali, miaka…
Ananishika kidole, cheusi penye ukucha.
"Hujanawa," anasema.