Mita Sita na Shibiri

Uzio wa banda la kuku la Mama Sechelela
ulibana. Kuku walitoa vichwa nje, kicheche akavichuma.
Basi nikazing'oa nguzo, nikazirudisha hatua moja nyuma,
mita moja pande zote,
nikachimba upya ardhi hii ya Mvumi
inayogoma mwezi wa tisa kama deni la ndugu.
Waya wa zamani, mita kumi, haukufunga.
Nilipima pengo: mita sita,
na shibiri, na vidole vitatu.
Akanilipa karanga na trei ya mayai.
Nikasahau.

Kisha kamati ikaniita kwenye lambo la ng'ombe,
lile la mwaka wa trekta la mkopo,
duara kamili, maana aliyelichora
alifunga kamba kwenye mambo, akaizunguka
mpaka visigino vikapasuka.
Kingo zimemeguka. Ndama wawili wameteleza.
Uzio urudi nyuma mita moja.

Bwana Yeriko Chilongani, mhasibu,
kalamu tatu mfukoni, miwani puani:
"Kuku walikuwa mita kumi, wakala sita na ushei.
Lambo ni mita mia nne, mara arobaini.
Litakula mia mbili na hamsini. Roli zima.
Hesabu haina shangazi."

Nami niliitikia. Nani asingeitikia?
Roli likaja na lori la Ijumaa, risiti na muhuri.

Siku nne nilichimba.
Siku ya tano nikavuta uzi wa zamani kwenye nguzo mpya,
nikauzungusha lambo lote, nikafika mwisho,
na mwisho ulikuwa pale, unauona,
umbali wa kutema mate.
Nikapima. Nikapima tena kwa kamba nyingine.
Nikarudi kuhesabu nguzo, labda nimeruka moja.
Mita sita. Shibiri.
Vidole vitatu, vilevile, vya mkono huuhuu.

Jioni Nyemo, wangu, wa kidato cha pili,
alichukua kijiti akachora jivuni, si duara: mraba.
"Mama, huu uzio urudishe nyuma.
Upande mrefu unahama kama ulivyo,
haudai kitu, uwe wa banda, uwe wa wilaya.
Kona ndizo zinazokula waya.
Kona nne, mita mbili mbili, basi."
"Na duara lisilo na kona?"
Akacheka, akalamba kijiti kama kijiko.
"Duara ni kona tupu, mama.
Limezimega tu, likazitawanya njia nzima
usizione."

Sikulala vizuri.

Bwana Chilongani alikuja asubuhi, akaliona roli
limenona, halijaguswa ila kidogo.
"Hujafunga," akasema.
"Nimefunga."
"Basi kuna pengo mahali."
Akashika nguzo ya kwanza, akaanza kulitafuta,
nguzo kwa nguzo, viatu vyeusi kwenye samadi,
akawa mdogo kule ng'ambo, kama kunguru,
akarudi akiwa mkubwa.
Hakusema pole. Alitoa kalamu ya pili,
akaandika kitu, akakifuta,
akaniuliza kama nina maji ya kunywa.

Roli likabaki stoo kwangu, mali ya kamati,
mpaka kikao kijacho, ambacho hakijaitwa.

Lakini usiku ule uliofuata nilizungusha uzio duniani.
Nilianzia hapa Mvumi, nikapita jangwa, nikapita bahari
(nguzo zilisimama majini, ndotoni hazibishi),
nikarudi Mvumi kwa upande wa pili, nimechakaa.
Halafu mtu, sikumwona uso, akasema:
rudisha nyuma mita moja, pande zote.

Niliamka kabla ya jogoo.
Nikaenda stoo na koleo, nikakata kipande,
nikakikunja, nikakining'iniza begani.
Kilikuwa chepesi. Kilikuwa, naapa, chepesi
kuliko ndoo ya maji.
Nikasimama uani nacho, dunia nzima imetosha,
na kuku wa Mama Sechelela, ng'ambo ya ua,
wakaanza kupiga kelele
kana kwamba nimewaibia.