Funda na Fundo

Naitwa Teik Hoe. Nauza kahawa Ipoh,
kona ya pili ukitoka stesheni ya reli.
Mbegu nazikaanga kwa majarini
kama alivyozikaanga baba,
hadi harufu inaswa kwenye nguo za jirani.
Ila kazi yangu ya pili hakuna anayeijua:
mimi ni fundi wa mafundo.

Mteja akisema "ya kubeba,"
mkono umeshachomoa mfuko wa plastiki,
kahawa imeshaingia, mrija umeshazama,
kamba ya waridi imeshazunguka shingo.
Pinda, pitisha, vuta, acha kitanzi cha kidole.
Sekunde nne. Binti yangu alinipima kwa saa.
Fundo langu halivuji
hata ukipanda nalo pikipiki ukavuka reli mbio.
Nilijisifu. Kwa nini nisijisifu?
Kila mtu ana chake cha kuringia.

Mwezi wa kumi na moja mtaro wa nyuma ulitapika.
Maji yakaingia chini ya meza, yakakaa kama wageni.
Manispaa wakasema kesho,
kesho nayo ikasema kesho.
Nikavua viatu, nikachukua reki,
nikavuta.

Halikuja tope.
Lilikuja dude lenye mikia mingi ya waridi:
mifuko, mirija, mifuko,
mmoja una kahawa bado, imechacha,
na kila shingo ina fundo.
Pinda, pitisha, vuta, kitanzi cha kidole.
Mifuko ilikuwa imechanika. Mafundo yalikuwa mazima.
Nilisimama majini
nikisoma mwandiko wangu.

Nikapiga hesabu, mchuuzi hawezi kujizuia:
kahawa ya kubeba huisha kwa mafunda sita,
saba kama mnywaji ana adabu.
Mafunda sita tumboni,
na fundo moja lisilojua kuoza.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Mbona hakuna aliyeniambia hujaza na mtaro?

Sikuhubiri. Sura yangu si ya kuhubiri.
Usiku ule niliyatoa makopo ya maziwa mazito
niliyozoea kumuuzia mzee wa vyuma chakavu,
nikayachemsha, nikazigonga kingo zisikate midomo,
nikatoboa matundu mawili mawili
kama baba, kabla mifuko haijaja mjini,
nikapitisha kamba.
Mkono haukuhitaji kufundishwa.

Mwalimu Rohaizat alicheka: "Kopo la enzi za babu!"
Akalitundika kwenye usukani wa baiskeli
akaenda nalo shule, akiendesha polepole kama aliyebeba mayai.
Letchumi, fundi cherehani, alikataa kopo.
Alikuja na chombo cha mama yake, cha ghorofa tatu:
chini mchuzi, katikati wali,
juu akaniamuru nitie kahawa.
Nikasema kahawa haikai ghorofani.
Tukabishana mpaka foleni ikaguna.
Nilitia.

Kijana wa kupeleka vyakula alitikisa kichwa:
"Mjomba, kopo litanimwagikia mkobani."
Kweli tupu. Yeye bado nampa mfuko,
na fundo lake nalifunga kimya,
bila ile raha ya zamani.

Makopo arobaini na moja yalitoka.
Yamerudi kumi na tisa.
Moja nililiona dirishani kwa Siew Gaik
limeoteshwa pilipili, mbili zimeshaiva.
Hilo nimelisamehe.
Yaliyobaki, wenyewe wanajua.

Mtaro sasa unapita.
Labda ni makopo, labda ni jua la wiki hizi,
sitaki kudai nisichokijua.
Ila alfajiri, kabla taa ya barabarani haijazimwa,
husikia bati likigonga usukani,
ting, ting, kutoka upande wa stesheni,
nami huinjika maji
kabla mtu hajasema neno.