Digrii Kumi na Saba

Al Khuwair, Agosti, ghorofa ya tisa.
Nje lami inalainika kama halua;
ndani Bi Shawana amejifunga shali ya sufu
utadhani yuko kileleni Jabal Shams,
anapiga hesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Jana ulikuja waraka: Tutunze Mazingira.
Nakala arobaini, upande mmoja,
na jani la kijani lililomaliza wino.
Wangu nimeugeuza. Haya nayaandika mgongoni mwake.

Mofizul, mfagiaji, hakuletewa waraka.
Yeye ana ndoo.
Huitega chini ya mpira wa kiyoyozi,
tone, tone, hadi ijae
(jasho la jengo, asema, si la mtu),
kisha hushuka nayo kwa ngazi
akanywesha mkunazi kando ya maegesho,
mti usio na namba kwenye daftari la mali.

Leo nimeshika rimoti.
Mkono ulinitetemeka, na si kwa baridi.
Kumi na saba. Ishirini. Ishirini na nne.
Hakuna aliyenyanyua kichwa.
Saa nane Bi Shawana akaivua shali,
kumbe ana bangili, nyembamba, za fedha,
miaka mitatu hatujapata kuzisikia.

Alasiri Mofizul akapanda, akachungulia ndoo:
nusu.
Akanitazama.
Hilo sikulipigia hesabu.

Tukasimama kimya, mimi, yeye na ndoo,
na ukutani, ndani ya bomba,
tukasikia maji ya udhu
yakiteremka bure.