Moja kwa Kumi

Jumatatu makumbusho hufungwa.
Nafungua kisanduku cha kioo kwa ufunguo mdogo
kama wa kabati la sukari,
navua pete, navaa glavu,
naanza kufuta vumbi, kutoka tezi kwenda omo.

Kibandiko kinasema: Jahazi la Waviking,
kielelezo, moja kwa kumi.
Mwaloni, katani, shaba.
Kazi ya Torgeir Haukland, wa mji huu.
Hakisemi alikuwa daktari wa meno.
Hakisemi alikuwa baba yangu.

Majira ya baridi kumi na moja,
jua likichomoza saa nne na kuzama saa tisa
bila kuaga,
alirudi kutoka kliniki mikono ikinukia karafuu,
akashuka chumba cha chini,
akapinda mbao kwa mvuke wa birika
na kuzibana kwa koleo
lililokwisha kung'oa magego ya nusu ya mji.
Mama alimwita chakulani mara tatu.
Mara ya nne hakuita.

Misumari elfu mbili mia nne,
hakuna uliozidi kichwa cha kiberiti.
Nilimhesabia mimi. Nilikuwa na miaka saba
na pengo la mbele:
"sita" ilitoka na upepo,
"sitini" ilikuwa dhoruba.

Jino lenyewe nilikuwa nimeliweka
ndani ya glasi ya maji kando ya kitanda,
kama wafanyavyo watoto wa kwetu Norwe.
Asubuhi, chini ya maji, krona tano.
Sikuuliza nani kanunua.

Usukani umekatika, upana wa kijiko cha chai;
tulihama jengo, mtu akateleza.
Chombo cha kuzama hakina usukani, husemwa.
Hiki hakina, na hakizami,
kimekaa juu ya vyuma viwili
miaka thelathini.

Wageni huinama mbele ya joka la omo,
lo, ukali gani huu,
ulimi umejikunja, na juu yake
meno mawili meupe, yamenolewa.
Mtaalamu aliyetoka Bergen aliandika:
jino la nyangumi, yamkini.
Nilimletea kahawa. Sikumsahihisha.

Wiki jana mtoto wa shule, Sverre,
aliuliza huku ulimi ukichungulia penye pengo lake:
watu wako wapi?
Makasia thelathini na mawili, mikono hakuna.
Baba hakuchonga watu.
Mtu, alisema, hapunguziki mara kumi;
ukijaribu, hutoka mwanasesere.

Alikosea. Mwaka wake wa mwisho
nilimbeba kutoka kitandani hadi dirishani
aitazame hori, na hori ilikuwa imeganda,
na mikono yangu haikuchoka.
Maneno nayo yalipungua: maji. Hapana. Gunnvor.
Usiku, meno yake ya bandia
yalilala ndani ya glasi.
Nikatumbukiza krona tano.
Asubuhi aliitazama sana ile sarafu,
kisha akacheka, ufizi mtupu,
hata muuguzi akaja mbio.

Basi. Mbavu zimekwisha, ngao zimekwisha.
Kwa joka natumia pamba ya sikio
na tone moja la maji.
Panua, naliambia.
Panua zaidi.
Haiumi.