Pindo Jekundu

Uzi mwekundu ulibaki kwenye cherehani
nilipokuwa nashona gauni la harusi la Mbeyu.
Sikuutupa. Nikamkamata jogoo wa jirani,
nikamng'oa unyoya mmoja wa shingoni, akanitukana,
nikaufunga kwenye ndoana ndogo kama kucha ya mtoto
mpaka nikapata nzi.
Nzi asiyeruka, asiyeoza,
asiyejua mavi wala embe.

Katana akacheka: "Shangazi, samaki wa Sabaki
wamezoea minyoo. Nani atakula uzi?"

Tukashuka alfajiri chini ya daraja,
pale mto unapopunguza mwendo kabla ya kuonja chumvi.
Katikati maji ni chai ya maziwa,
ila kwenye kidimbwi cha pembeni yametulia,
unaona mchanga, unaona vishimo vya mviringo
kama vilivyopigwa kwa sahani.

Vimechimbwa kwa mdomo.
Tonge la mchanga, tema. Tonge, tema.
Perege dume hana mkono wala jembe.
Siku nyingine zote ni kijivu, sufuria ya zamani,
humtofautishi na mwenzake.
Lakini wiki hii kavaa:
mwili mweusi wa masizi, kidevu cheupe,
na ukingoni mwa pezi, mpaka mkiani,
pindo jekundu.

Nikautazama uzi wangu. Nikamtazama yeye.
Nani alimshonea?

Katana akarusha. Kamba ikapinda hewani,
ikafikiri kidogo, ikalala juu ya maji
bila kuamsha mtu.
Nzi akazama taratibu, akatua katikati ya kishimo.

Nililojifunza hapo nalisema kwa aibu:
hakuuma kwa njaa.
Mwenye njaa ni jike, mdomo umejaa mayai,
hali, hamezi, hapigi hata mwayo.
Dume aliuma kama unavyomtoa mtu kizingitini pako,
kwa ukosi wa shati.

Husemwa hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.
Mimi sikufurahi.
Mkononi mwa Katana rangi ilianza kumtoka,
weusi kwanza, kisha lile pindo.
Sijafika kumi kuhesabu, ni sufuria tena.
Na kule kishimoni wawili wa jirani
walishaingia, wanapimapima mchanga.

"Mrudishe."
"Kitoweo hiki, shangazi."
"Mrudishe. Harusi yake haijaisha."

Akamshika majini, kichwa kikiukabili mkondo,
mpaka mashavu yakaanza kufumba na kufumbua.
Akaponyoka. Maji yakatibuka,
hatukuona nani alibaki na nyumba.
Nzi alirudi kwangu, unyoya umelowa, umechanika.
Uzi haukupauka hata kidogo,
na hilo ndilo lililonikera njia nzima.

Ijumaa Mbeyu alikuja kupima gauni.
Nilipiga magoti nikishika pindo,
pini saba mdomoni.
Alisema mengi, akauliza kama atapendeza.
Sikuweza kumjibu.