Tandika, Kunja

Mwaka mzima niliamini skrini nyeusi inatosha:
mstari mmoja, kishale kinapepesa,
unaandika jina la mazingira, unagonga ingiza,
maktaba zinajipanga, kila toleo mahali pake.
Aliyekosea herufi, shauri yake.

Sikudhani wa maabara ya maji, ghorofa ya pili, Kijitonyama,
alizibandika amri zangu ukutani kwa kalamu nyekundu,
na kistari kimoja alikisahau kila Jumatatu.
Hakulalamika. Alipiga simu tu:
"Fundi, limegoma."

Basi nikajenga dirisha.
Vitufe vinne vya kijivu, majina ya kifundi:
Amilisha. Sitisha. Nakili. Futa.
Nikaacha na mlango: atakaye abadili rangi, jina, mpangilio.
Sikutarajia mtu ahamie na samani zake.

Wiki ile umeme ulikatika mara tatu.
Nilipopanda kumwona, feni imenyamaza, shati limenigandia mgongoni,
na dirisha langu sikulitambua.
Amilisha imekuwa Tandika.
Sitisha imekuwa Kunja,
kubwa, ya manjano, juu kabisa:
"Betri hii ina dakika mbili, fundi. Nianze kutafuta?"
Futa kaisukuma kule pembeni,
kaipa jina Uliza Kwanza.

Chini ya kitufe, amri ni ile ile, herufi kwa herufi.
Najua, niliiandika mimi.

Usiku, nyumbani Tabata, mbele ya weusi wangu,
vidole vikaandika: tandika.
Mashine ikajibu: amri haijulikani.

Nikaifundisha.