Maumivu Yasiyo na Anwani

Miaka minne nimeketi stoo, kambi ya Naguru,
nikihesabu mablanketi, buti, makoti ya mvua,
hadi siku niliyopanda ngazi za benki pale Ntinda
nikasimama katikati, nikajifanya nasoma simu.

Basi nikaanza tena kukimbia.
Saa kumi na moja na nusu, kabla ya paredi,
kongoti wamejikunja juu ya paa la kantini
kama makarani waliosinzia kazini.
Mara ya kwanza nilifika kwenye tangi la maji.
Mara ya pili nilifika kwenye tangi la maji, nikatapika.

Miguu ikaleta madai yake.
Paja, hapa. Shavu la mguu, hapa.
Niliweza kuweka kidole nikasema: ni wewe.
Chooni nilishuka kwa awamu, kama gunia la posho.
Lakini maumivu yale yalikuwa na adabu:
yalibisha hodi kesho yake, yakalala siku mbili,
ya nne yakaaga, yakaniachia paja gumu kuliko jana.

Yale mengine hayakubisha hodi.
Yalikuja Jumapili, siku sikukimbia,
nimekaa mkekani nachambua njugu,
yakashika bega la kulia, yakahamia shingoni,
yakateremka kiunoni, yakarudi kulala tayani.
Nikapaka mafuta ya kuwasha hadi watoto wakapiga chafya.
Nikalaumu kilima. Nikalaumu raba za mtumba.
Nikapumzika wiki nzima, na wiki nzima yakanenepa.

Dresa Draku, mtu wa Arua, hana maneno mengi.
Alinibonyeza bega kama anayechagua parachichi Nakawa.
"Hapa?"
"Hapana. Sasa hivi yamehama."
"Na ukikimbia?"
Nikafikiri. Nikikimbia, yanapotea.
"Yakirudi, huwa unafanya nini?"
Nikacheka. Halafu sikucheka.

Maana yalirudi kila simu ilipoita kutoka ofisi ya hesabu.
Yalirudi nikigusa kabati la kijani
lenye kitabu, chenye ukurasa, wenye sahihi yangu:
makoti ya mvua, arobaini, yamepokelewa.
Mimi niliona ishirini na manane.
Niliambiwa, "Sajini Asekenye, tia sahihi, mengine yako njiani."
Njia gani hiyo ya miaka miwili?
Makoti kumi na mawili ambayo hayakuja,
nilikuwa nimeyavaa yote, moja juu ya jingine,
jua likiwaka, mtu haoni.

Ningependa kukuambia nilielewa, nikapona.
Nilielewa, nikapitiliza.
Kila kilichouma sasa nilikiita wasiwasi.
Kisigino kikaanza: asubuhi ile ile, pale pale,
pa kidole kimoja, kikizidi kila nikiongeza mwendo.
Nikakiambia, na wewe ni koti tu.
Karibu na tangi kitu kikaachia nyuma ya mguu,
kidogo, kama uzi wa kifungo.

Draku hakunigombeza. Alifunga bendeji, akaandika wiki sita,
akasema akiwa anaosha mikono, hata hanitazami:
"Yenye anwani, yafuate kwao.
Yasiyo nayo, yaulize yametumwa na nani.
Wewe umefungia wote mlango mmoja."

Jumanne nikachechemea hadi ofisi ya hesabu
na kitabu kwapani.
Nikasema ishirini na manane.
Nikairudia, kwa sababu afisa alikuwa anatafuna.
Akaandika. Akaniambia nitaitwa.
Sijaitwa. Huenda cheo kikaenda, huenda na nyumba.
Usiku wa jana bega lilijaribu kupanda sikioni,
nikalala nalo hivyo hivyo, likashuka lenyewe alfajiri.

Kisigino bado kinauma.
Naweza kukuonyesha.
Hapa.